Taa Iko, Moto Hakuna

Jumatatu ile Gachanja alifungua karakana yake akiwa na raha ya mtu aliyeombewa jana yake. Na hakuombewa kidogo. Waumini walijaa hadi barabarani, kwaya ikaimba, pasta akaweka mkono juu ya grinda, juu ya mashine ya welding, juu ya rundo la vyuma, na angepewa nafasi angemwekea mkono hata paka wa jirani. Ndivyo watu wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, wanavyofanya ukihamia mahali papya pa kazi: unapaka rangi, unanunua soda, unaita kanisa, ndipo unawasha mashine. Ukianza kazi kabla ya maombi, wamama wa kanisa watakutazama kama mtu aliyekula bila kunawa mikono.

Karakana nzima ilinuka rangi. Mabati yalikuwa ya bluu, mlango wa bluu, na juu ya mlango bango jipya: GACHANJA & KIBII METAL WORKS. Kibii ni Micah Kibii, mshirika wake. Mwandishi wa bango alianza na herufi za mbwembwe, akaishiwa na nafasi katikati, hivyo jina la Kibii likabanwa pembeni kama abiria wa mwisho.

"Ona sasa," Micah alikuwa amesema Jumamosi, shingo juu, akilitazama. "Hata kwa bango nyinyi Wakikuyu mmejipea ploti kubwa."

Gachanja alicheka hadi akashika ukuta wenye rangi mbichi, na alama ya kiganja chake bado ilikuwepo, bluu kwa bluu, kando ya mlango.

Walikuwa wanataniana hivyo tangu walipokutana wakibeba vyuma vya watu wengine. Micah alimwita mwenzake arap Gachanja, yaani mwana wa Gachanja kwa Kikalenjin, kwa sauti ya mzee wa Kipkelion. Gachanja naye alimbatiza Micah jina la Kikuyu, Kiarie, akawa anawaambia wateja kwamba huyu Kiarie alipotea akiwa mdogo, akaokotwa na Wakalenjin, akalelewa kwa maziwa. Maziwa yenyewe hayakukosa. Kila wiki Micah alikuja na mursik, maziwa ya kugandishwa, ya mamake ndani ya sotet, kile kibuyu chembamba chenye mkanda wa ngozi, akakitundika kwenye msumari ukutani. Gachanja alileta githeri, mahindi na maharagwe. Saa ya chakula walibadilishana bila kuulizana. Kazi pia waligawana hivyo hivyo: Micah alikuwa mtu wa vipimo, grinda na rangi, Gachanja alikuwa mtu wa moto.

Na leo kulikuwa na kazi ya moto. Mama Kui, mfugaji wa Dundori, alitaka krashi, kile kizuizi cha vyuma ambamo ng'ombe anaingizwa na kufungwa shingo ili adungwe sindano bila kumrushia mtu teke. Daktari wa mifugo alikuwa anafika kwake kesho asubuhi. Micah alikuwa amepanda Dundori alfajiri kuchimba mashimo ya nguzo. Mchana angeshuka na Mama Kui kwa pikapu yake, wachukue krashi, warudi nayo. Gachanja alikuwa na asubuhi nzima ya kuunganisha vyuma vilivyokwisha kukatwa. Kazi ya kupiga mluzi.

Alipanga vyuma juu ya meza. Meza yao ilikuwa bamba zito la chuma kwa miguu minne, na chini yake, kwenye mguu mmoja, waya wa earth ulifungwa kwa nati kabisa, usiondolewe, maana kibanio chao kiliibwa zamani na hawakununua kingine. Ukitaka kuunganisha kitu unakilaza tu juu ya meza. Moto unatoka kwa mashine, unapita kwa rodi, unaingia kwa chuma, unateremka kwa meza, unarudi kwa waya. Ukikatika mahali popote, hakuna kitu.

Leo meza ilikuwa inang'aa. Micah alikuwa amebaki nayo Jumamosi jioni, akaisugua kwa grinda hadi matone yote ya chuma cha zamani yakaisha. "Nataka pasta aone uso wake mwenyewe," alisema. Na kweli, jana pasta alijiona, akarekebisha tai.

Gachanja akawasha swichi. Taa ya kijani ikawaka. Feni ikazunguka, ikaimba wimbo wake ule ule. Akavaa miwani, akagusa chuma kwa ncha ya rodi.

Kimya.

Akagusa tena. Akakwaruza, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Rodi iliteleza juu ya chuma bila hata cheche ya kudanganya macho.

"Wee," aliiambia mashine. "Umeombewa jana tu."

Akaizima, akangoja, akaiwasha. Taa, feni, basi. Akabadilisha rodi, labda imeshika unyevu. Akakaza plagi za mbele. Akainama chini ya meza akajaribu nati ya earth. Ilikuwa imekaza kama meno ya mbwa kwenye mfupa. Akapinda waya wa mkono wa rodi, akisikiliza kwa vidole kama umekatika ndani. Mzima. Akachomeka grinda kwenye soketi ile ile, ikanguruma vizuri, kwa hivyo stima ilikuwepo. Alipomaliza hayo yote shati lilikuwa limemgandia mgongoni, na jua bado halijapanda.

Ndipo alipoona skrubu za kifuniko cha mashine. Zilikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa. Kuna mtu aliyeifungua.

Akampigia Micah simu. Ilichukua muda kushika.

"Arap Gachanja! Huku kuna baridi hadi koleo linakohoa!"

"Ulifungua mashine?"

"Niliipuliza vumbi Jumamosi. Ilikuwa na vumbi ya kutosha kupanda viazi. Kwani—" Kisha upepo, kisha sauti ya ng'ombe, kisha simu ikakatika. Alipopiga tena, mteja hakupatikana.

Upande wa pili wa barabara alikuwepo Kihara, naye fundi wa welding, mtu mwenye tumbo la polepole na macho ya haraka. Alikuwa ameegemea mlango wake muda wote huo, akila mahindi ya kuchoma, akifuatilia shida ya jirani kama mpira wa fainali.

"Imekataa?" aliuliza.

"Taa iko, moto hakuna."

"Ilete hapa tuone."

Gachanja aliibeba mashine kifuani, akavuka. Wakaichomeka kwa Kihara, wakaifunga nyaya za Kihara. Gachanja akagusa chuma.

Ikaunguruma, ikatoa mwanga mweupe wa kutoboa mawingu, ikachoma chuma safi kabisa. Gachanja alitamani kuibusu. Akairudisha mbio, pamoja na nyaya za Kihara alizokopeshwa, akafungia earth kwenye nati ile ile chini ya meza, akagusa chuma chake.

Kimya.

Mashine nzima, nyaya nzima, stima nzima. Kwa Kihara inafanya kazi, kwake imekufa. Alizitazama kuta zake za bluu kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyolala ina mwenyewe.

Kihara alikuwa amemfuata. Alisimama mlangoni, gunzi mkononi, akashusha sauti.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema, na mtu akianza hivyo jua maneno yako njiani. "Lakini Jumamosi nilimwona huyo kijana wako. Amefunga mlango, yuko ndani peke yake hadi giza. Mtu anafunga mlango afanye nini?"

"Alikuwa anasafisha."

"Sawa. Na binamu yake wa Mai Mahiu, yule anafungua karakana ya malori, si amemwita? Amekwambia?"

Micah alikuwa amemwambia, kwa utani, siku ile ile waliyoandika bango: ati wamenitaka Mai Mahiu, lakini nani atakula githeri yako, panya? Walicheka. Sasa kile kicheko kilimrudia kikiwa na ladha nyingine.

"Mtu akitaka kutoka haachi nyuma yake kukiwa sawa," Kihara aliendelea. "Na mwaka wa kura unakuja. Hawa watu tunawajua. Wewe ulikuwa mdogo wakati ule wa kuchomeana nyumba, lakini si hukuwa kipofu."

Gachanja hakuwa kipofu. Alikuwa na umri wa kubebeshwa godoro, na alilibeba, kutoka Njoro hadi kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho, mamake mbele akiwa amembeba mdogo wake, na moshi nyuma yao. Hakuwahi kumsimulia Micah habari hiyo. Micah naye hakuwahi kumsimulia yaliyowapata watu wake. Waliiruka pamoja, kama mtaro ambao kila mmoja anajua uko wapi hata gizani.

"Mimi nimesema tu," Kihara alisema, akatupa gunzi, akaenda zake.

Saa zilizofuata Gachanja hakurekebisha kitu. Alifungua kifuniko cha mashine akatafuta ndani kilichoibwa. Hakukiona. Akafikiri: basi ni kitu nisichokijua. Akatafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, hata chini ya mkeka wa plastiki, kama kuna kitu kilichofichwa. Alijionea aibu, akaendelea kutafuta. Ile sotet ilining'inia kwenye msumari ikimtazama. Mara akakumbuka kwamba Micah hakuwa anamruhusu mtu mwingine aioshe. Jambo la kawaida kabisa, mamake alimkataza, lakini siku hiyo hata la kawaida lilikuwa limevaa koti la usiku.

Pikapu ya Mama Kui ilifika mchana. Micah aliruka kutoka nyuma kabla haijasimama sawasawa, buti zote udongo mwekundu hadi magotini.

"Kazi kwisha huko! Mashimo yale hata tembo hangeng'oa nguzo!" Akatazama meza, akaona vyuma vimelala vile vile, havijaunganishwa. "Niaje? Krashi iko wapi?"

"Nikuulize wewe."

Micah alicheka, akidhani ni mwanzo wa utani. "Niulize kwa Kikuyu basi, nifanye mazoezi."

"Ulifanya nini hii mashine?"

"Nilikwambia. Nilipuliza vumbi."

"Ulifunga mlango upulize vumbi?"

Kicheko kilimtoka Micah polepole. Alimtazama Gachanja, kisha akamtazama Kihara, ambaye alikuwa ametokea mlangoni kwake ng'ambo bila mahindi safari hii.

"Gacha," alisema, "ngoja nione shida ni—"

"Usiguse! Kama unaenda Mai Mahiu, si uende? Lazima uniache nikiwa nimekufa? Nilikuwa najiambia wewe ni tofauti. Kumbe nyinyi watu ni wale wale."

Neno likatoka, likasimama katikati ya karakana, na hakuna aliyeweza kulirudisha.

Mama Kui, aliyekuwa anateremka kwa shida kutoka pikapu, mguu mmoja chini mmoja juu, akabaki hivyo hivyo.

"Watu gani?" Micah aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole.

Gachanja aliinamia mashine, akakaza plagi iliyokuwa imekaza.

Micah alivua aproni. Aliikunja vizuri, mara mbili, kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya kiti. Akampita Mama Kui, akamwambia, "Pole, mathe, kwa kukuchelewesha," akashika njia ya mtaani kuelekea kwake. Hakutazama nyuma. Wala hakutazama bango.

Mama Kui alimaliza kuteremka. Aliingia ndani, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akavuta pumzi.

"Wewe Gachanja."

"Mama Kui, hujui kilichotokea."

"Sijui. Ninachojua ni kwamba huyo kijana amechimba kwangu tangu kuche, na kila nikimpelekea chai ananiambia juu yako. Arap nani sijui. Nimeshiba habari zako kuliko chai." Alinyoosha mkono, akapapasa meza. "Ndiyo hii? Ameniambia mpaka nikataka kuiona. Ati Jumamosi alijifungia ndani vumbi lisiingie, akaipaka ile vanishi iliyobaki kwa milango ya kanisa. Mara moja, ikakauka, akarudia. Ati isishike kutu, wageni waje waone mna meza ya watu wa maana."

Gachanja aligeuza kichwa polepole.

"Ameipaka nini?"

"Vanishi. Ile ya mbao, haina rangi. Kwani wewe hukuona?"

Hakuona. Nani angeona? Vanishi haina rangi, na harufu yake ilikuwa imemezwa na ya ukuta. Alipitisha kiganja juu ya meza. Chuma cha kweli ni baridi na kina ukali kidogo. Hiki kilikuwa laini kama sahani. Akachukua tupa, akakwaruza pembeni. Ukanda mwembamba wa kitu kama kucha ukajikunja, ukaanguka. Chini yake chuma kilikuwa cheupe.

Akalaza kipande cha chuma juu ya pale alipokwaruza, akawasha mashine, akagusa.

Mwanga ulimpiga usoni kabla hajavaa miwani. Mama Kui alipiga kelele akajifunika kwa leso. Harufu ya vanishi inayoungua ilipanda, ikajaa karakana, ikamwingia Gachanja kooni.

Mashine haikuwa na kosa lolote. Moto ulikuwa unashuka tangu asubuhi hadi kwenye meza, unakutana na zawadi, unashindwa kupita.

Aliizima. Macho yalikuwa yanamwaga machozi, na angeweza kusema ni mwanga.

"Nenda," Mama Kui alisema. "Mimi naketi hapa. Na nitamwangalia huyo wa ng'ambo asivuke."

Micah alikuwa amekaa nje ya chumba chake juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akikwangua udongo kwenye buti kwa kijiti. Gachanja alisimama mbele yake akihema.

"Ni vanishi," alisema.

Micah aliinua uso. Ilimchukua muda mfupi sana, alikuwa fundi. Akafumba macho. "Meza. Haki ya Mungu. Nimezuia earth." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi ndio mjinga basi. Hapo niko na makosa."

"Hapana. Mimi ndio—"

"Hapana nini? Nani hupaka meza ya welding vanishi? Hata kwa Kihara wangenicheka." Akarudi kwa buti yake. "Hilo ni kosa la kazi. Ungeniita mjinga ningekubali."

"Nilikuwa na hasira, Micah."

"Najua."

"Sikumaanisha."

Micah aliacha kukwangua. "Unajua ni nini, Gacha? Nilidhani kwako mimi ni Micah. Kiarie, mlevi wa mursik, mtu wa rangi, hata mwizi ukitaka. Kumbe ukikasirika mimi ni watu. Kuna watu wengi huko ndani yako, wamekaa tu, wanangoja mashine ikatae."

Gachanja alitaka kumwambia habari ya godoro. Ilipanda hadi mdomoni. Lakini aliona kwamba akiitoa sasa itakuwa kisingizio, tena kisingizio kizito ambacho Micah angelazimika kukibeba. Akaimeza.

"Pole," alisema. Neno lilikuwa dogo mno kwa lile shimo.

Nyuma yao mtoto alilia, redio ikaimba, mtu akamwaga maji. Micah alivaa buti.

"Ng'ombe wa yule mathe hawana makosa," alisema. "Twende tumalize."

Walimaliza. Micah aliondoa vanishi kwa grinda katikati ya meza, mahali pa kutosha kazi tu, kisha akashika vyuma huku Gachanja akichoma. Alishika sawasawa, mraba kabisa, hakutikisika hata cheche zilipomrukia mkononi. Hakuna fundi Nakuru nzima ambaye angelaumu kazi ile. Gachanja alijaribu utani mara moja, kuhusu pasta na uso wake. Micah alisema, "Geuza upande huu," na kazi ikaendelea. Bakuli la githeri lilibaki limefunikwa.

Jua lilipoanza kulala, krashi ilikuwa juu ya pikapu, imefungwa kwa kamba. Micah alipanda nyuma kwenda kuisimamisha, maana mashimo ya nguzo yalikuwa yake.

Gachanja alishika ukingo wa pikapu. "Kesho nikungoje?"

Micah alikuwa anakaza fundo. Alilikaza, akalijaribu, akalikaza tena ingawa halikuhitaji.

"Tutaona, boss," alisema.

Boss. Ndivyo unavyomwita mtu wa duka ambaye hujui jina lake. Ndivyo unavyomwita konda, askari, mgeni aliyekukanyaga mguu sokoni. Pikapu ikaondoka, na Mama Kui akapiga honi fupi, ya huruma, kama honi inaweza kuwa hivyo.

Gachanja alirudi ndani. Kihara alikuwa ameshafunga kwake mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kwenye meza kile kipande kilichokwanguliwa kilikuwa kimechafuka kwa matone ya chuma, na pembeni yake vanishi bado iling'aa, imeshika mwanga wa mlangoni. Alichukua grinda aiondoe yote. Akaiweka chini bila kuiwasha.

Alipoinua macho aliona msumari. Sotet ilikuwa bado imening'inia pale. Micah alipita chini yake mchana akiwa na hasira, na jioni tena akiwa kimya, na mara zote mbili hakuichukua. Alikuwa ameisahau, au alikuwa ameiacha. Gachanja alisimama akiitazama hadi ndani kukawa na kiza, asijue ni lipi, na hakuthubutu kuigusa.